Sinawali tunaiweza, tukiachiana huru inatutoka: mtindo gani wa eskrima, na silaha zipi kwanza?

Fimbo_Nne aliuliza:
Wakuu, habari zenu. Tuko wanne, tumetokea kwenye karate, tunajifunza eskrima, yaani mapigano ya Kifilipino ya fimbo na makali, kwa video na semina za hapa na pale. Mwalimu wa kudumu hatuna. Sinawali ya hesabu sita (lile zoezi la watu wawili, kila mmoja na fimbo mbili) tunaipiga bila kufikiri, na mapigo 12 ya Modern Arnis tumeyashika. Lakini tukivaa kinga na kuachiana huru, hakuna kinachotoka, zinabaki vurugu za fimbo tu. Naomba kujuzwa: tung'ang'anie Modern Arnis, au tuhamie Balintawak au Pekiti-Tirsia? Fimbo za henzirani zinachanika haraka, tununue za mbao ngumu? Na mapanga na visu vya mazoezi tuanze navyo lini?

Baston_Moja:
Mkuu, kabla ya kuhama mtindo pimeni umbali mnaosimama. Katika hiyo sinawali (kulia pigo la kwenda, kushoto la kurudi, kulia la kurudi, kisha upande wa pili vivyo hivyo) fimbo hukutana katikati, na wengi husimama mahali ambapo ncha inafika kwenye fimbo ya mwenzake lakini haifiki kichwani kwake. Jaribuni hivi: zoezi likiwa limekolea, mmoja aseme "simama". Wote mgande mlipo, kisha kila mtu anyooshe pigo lake polepole bila kusogeza mguu. Ncha ikiishia shibiri moja kabla ya shavu, basi siku zote mmekuwa mnapiga fimbo, hampigi mtu. Aliyewahi kutazama kirumbizi Lamu anaijua tofauti hiyo: fimbo zinagongana, ngoma imekolea, na hakuna aliyekuja kumvunja mwenzake.

Hilo lina asili yake. Mazoezi ya zamani yalilenga mkono na kiganja cha mwenzako, na wanafunzi walikimbia kwa maumivu. Remy Presas, mzaliwa wa Negros Occidental, alipounda Modern Arnis aliamua fimbo ipige fimbo ili watu wabaki. Uamuzi mzuri, ila bei yake ndiyo hiyo mnayoilipa sasa. Mtindo hauna kosa. Rudisheni mkono uwe shabaha.

Fimbo moja kila mtu, glovu nzito mkononi. Mshambuliaji anatupa namba 1 kwenye panja la kushoto, akilenga kweli kufika. Wewe huzuii. Unarudi nyuma kwa mshazari na kupiga mkono wake ulioshika fimbo. Mara kumi, kisha namba 2, 3 na 4, basi. Zile nane nyingine ziacheni kwanza. Mkizoea, mshambuliaji achague yeyote kati ya hizo nne bila kutangaza. Hatua ya tatu ndiyo ngumu: aruhusiwe kuvuta mkono na kupiga tena papo hapo. Mwisho raundi za dakika moja, anayegusa mkono ndiye mwenye pointi.

Litakaloharibika kwanza ni mshambuliaji mwenyewe. Kwa huruma atapiga pembeni ya kichwa au atakata pigo njiani, na wewe utafanikiwa kwa uongo. La pili, utajinyoosha kwa kiuno badala ya kwa miguu, kichwa kitangulie mbele, na pigo la kurudi litakukuta hapo hapo.

Kuhusu Balintawak: ilianzia Cebu mwaka 1952 chini ya Venancio "Anciong" Bacon, pamoja na watu waliojitenga na Doce Pares, klabu iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1932. Fimbo moja, karibu sana, na mkono mtupu ukidhibiti mkono wa mwenzako. Ni nzuri mno, lakini moyo wake ni agak: mwenye ujuzi anakulisha mapigo na kuyapandisha kulingana na unavyojibu. Mlishaji akiwa mwanafunzi mwenzako, wote wawili mnajifunza mwendo usio sahihi na kuukaza. Kwa wanne wasio na mwalimu, hiyo ningeiweka mwisho.

Pinuti:
La umbali naliunga mkono. Ila panga msilicheleweshe.

Fimbo ya mviringo haikuambii makali yako wapi. Nguvu yake iko kwenye sentimita chache za mwisho, na inaumiza hata ikitua ovyo. Panga linakata kwa urefu wa makali yote, lakini ukikunja kifundo cha mkono kidogo tu linatua kwa bapa na hakuna ulichofanya. Mtu akishazoea fimbo miaka miwili, kubadilisha mshiko huo ni kazi kubwa. Kwa hiyo nunueni panga moja moja la mazoezi la mbao bapa au alumini, lenye umbo la bolo (panga la Kifilipino), urefu wa jumla kama sentimita 60, na mlishike tangu wiki ya kwanza. Safu ya vifundo vya katikati vya vidole iende sambamba na makali. Pakeni chaki au rangi ya mdomo kwenye ukingo, vaeni fulana nyeusi, mcheze polepole. Alama ikitoka nyembamba na ndefu, umekata. Ikitoka pana kama imepakwa kwa kiganja, ulipiga bapa.

Faida nyingine: mbinu nyingi za kumnyang'anya mtu silaha mnazoona kwenye video ni za kushika fimbo yenyewe. Zijaribuni na lile panga lenye chaki kisha mtazame viganja vyenu.

Pekiti-Tirsia, ya ukoo wa Tortal na iliyoenezwa na Leo Gaje, inafikiria makali toka mwanzo, na fimbo ni kibadala tu. Kalis Ilustrisimo ya Antonio Ilustrisimo vilevile. Kwa hiyo kama lengo lenu ni panga, anzeni upande huo, hasa hatua za miguu za pembetatu, maana hizo mnaweza kuzifanya peke yenu kwa tepu tatu sakafuni.

Msinunue silaha nyingine za makali kama kris, kampilan wala barong kwa sababu ya sura. Kila umbo linataka mkono wake. Karambit, kile kisu kilichopinda chenye pete, ndiyo kabisa: pete yake inakamata kidole, na mwenzako akipiga ubapa wake mnakwenda hospitali kwa silaha ya mazoezi.

Fundi_Kinga:
Mimi niseme vifaa, maana hapo ndipo pesa inapotea.

Msihamie mbao ngumu. Henzirani ikichoka inachanika nyuzi nyuzi na kuwa laini, unaiona inakufa. Kamagong na bahi, zile mbao nzito za Ufilipino, hupasuka ghafla na kurusha vibanzi, na kwa ukubwa ule ule huwa karibu mara mbili ya uzito. Ni za kupiga hewani peke yako au kupiga tairi, si za kugonganisha. Kosa baya zaidi ni kuchanganya: mwenye mbao ngumu anamaliza henzirani ya mwenzake kwa jioni moja.

Kipimo cha kawaida ni sentimita 71, yaani inchi 28, na unene wa karibu sentimita 2.5. Hakikisha kweli ni henzirani: kata ya mwisho iwe imejaa, yenye vitundu vidogo vidogo. Ikiwa na uwazi katikati huo ni mwanzi, na mwanzi ukivunjika unachana kama kisu. Wanaotengeneza viti mara nyingi wana vijiti vyembamba mno. Ombeni vile vinene vya miguu ya kiti. Chagua yenye mafundo yaliyokaribiana, iviringishe mezani uone kama inayumba, kisha idondoshe sakafuni kwa ncha. Sauti kavu inayolia ni nzuri, iliyokufa ina ufa.

Kuchanika haraka kuna sababu mbili. Moja, mnapiga sehemu ile ile, kwa hiyo zungusheni fimbo robo kila raundi na kubadilisha ncha kila juma. Mbili, imekaushwa mno. Msiihifadhi juani wala kwenye buti la gari. Tepu ya kitambaa kwenye sentimita 20 za juu inaongeza umri, ila ibandueni mara kwa mara, kwa sababu inaficha ufa pia.

Kinga: miwani kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, hata kwenye sinawali ya taratibu, kwa sababu ya vibanzi. Glovu za hoki ya barafu zinafunika kidole gumba vizuri, za ndondi zinazoacha vidole wazi hazifai. Barakoa ya wavu wa waya ya mchezo wa vitara inatosha kwa fimbo ya sponji tu. Kwa henzirani iliyo wazi, utosi na kisogo viko tupu.

Fimbo ya sponji mtengeneze wenyewe: bomba la PVC la nusu inchi, sentimita 65, na sponji nyeusi ya kufunika mabomba ya kiyoyozi. Sponji ipite ncha ya bomba kwa sentimita 5, na bomba lizibwe kwa kifuniko kabla, la sivyo siku moja litatoboa. Hata hivyo msichomane usoni. PVC iliyokaa juani hukakamaa, ibadilisheni.

Na msiige mashindano ya WEKAF, shirikisho la dunia la eskrima, kama njia pekee. Raundi zake ni za dakika moja, fimbo ni henzirani halisi, lakini vazi la kinga ni nene, ndiyo maana mnaona watu wanasimama kifua kwa kifua wakibadilishana mapigo. Kwa panga hakuna anayefanya hivyo mara mbili.

Fimbo_Nne:
Nashukuru sana wakuu. Jaribio la "simama" tumelifanya, tulikuwa tunaishia zaidi ya shibiri! La mwisho: mmoja wetu anatumia kushoto. Tumbadilishe?

Baston_Moja:
Msimbadilishe. Kwenye sinawali aanze kulia kama nyie, mikono yote inafanya kazi sawa. Kwenye fimbo moja aachwe na kushoto kwake. Namba 1 yake itatua panja la kulia, na mkono wake wa silaha utakuwa ana kwa ana na wa kwenu, kwa hiyo wote mnagusana mikono mapema zaidi. Nyie wa kulia sogeeni upande wenu wa kulia, nje ya mkono wake. Mkienda kushoto mnajiingiza katikati ya fimbo yake na mkono wake mtupu.