Nimeuziwa gogogo, kambale wa mtoni, kwa bei ya petricola, kambale wa mapambo wa Kigoma, kisa tu niko Mtwara

Wakuu habari zenu. Leo sijaja na salamu ndefu, nimekuja na hasira zangu na nitaandika zinavyokuja, mnivumilie.

Niko Mtwara mjini, kazi yangu fundi friji na feni, na huu ni mwaka wa tatu nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika sebuleni. Tenki la futi nne, kama lita 200 hivi, kioo nimegundisha mwenyewe na silikoni. Ndani kuna mawe ya chokaa, haya haya ya huku pwani, maana samaki wa lile ziwa wanataka maji magumu, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8 na nusu kwenda juu, kwa hiyo kwenye hilo tu Mungu katupendelea. Pampu ya hewa nimeiunga na betri ya gari kwa ajili ya umeme ukikatika (na gesi inachimbwa Msimbati hapo pua na mdomo, ila tuyaache).

Humo ndani nilikuwa nimefuga multifasciatus, wale vidogo vya sentimita tatu nne wanaoishi na kuzalia ndani ya maganda ya konokono. Nilianza na sita, wakafika ishirini na kitu, kila ganda na mwenyewe, ukisogeza ganda moja asubuhi unakuta jioni wameshalirudisha walivyotaka wao. Nilichokuwa nakitafuta sasa ni Synodontis petricola, kambale mdogo mwenye madoa meusi na mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Anaishia kwenye sentimita 10 hivi, anakaa kwenye mawe. Hapatikani kirahisi, na kinachouma ni kwamba ni samaki wa nchi hii hii, hayupo popote duniani zaidi ya Ziwa Tanganyika, lakini Mbongo ukimtaka unaanza kupiga magoti kwa madalali wa Dar.

Basi mwezi wa kumi nikampata muuzaji mmoja wa Dar, jina simtaji ila humu yupo na anasoma. Picha alizotuma safi kabisa, ukingo mweupe unawaka. Bei ya kwanza 20,000 kwa mmoja. Nilivyomwambia tu nipo Mtwara akaniandikia, nanukuu, "aah huko si msimu wa korosho mna hela", bei ikawa 35,000. Kaka mimi sina hata mche mmoja wa mkorosho, nashinda na spana! Lakini shida ya kitu huwa inamfanya mtu mjinga, nikatuma 210,000 ya samaki sita, na 15,000 juu ya kufunga na oksijeni, na 10,000 ya basi.

Nikamsisitiza, tena kwa voisi, kwamba hawa jamii ya gogogo wana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila pezi la ubavuni, wakiogopa wanaifunga ikasimama dede na hailali, kwa hiyo usiwachanganye mfuko mmoja, kila mmoja na mfuko wake wa ngozi mbili au chupa kabisa. Akajibu "bosi hii kazi nimeanza zamani".

Basi limeingia stendi Mkanaledi jioni, na siyo kipindi kile barabara imekatika Somanga, hapana, barabara safi. Boksi la biskuti limelowa chini lote. Nimefungua hapo hapo stendi huku narekodi video kama alivyotaka mwenyewe. Mfuko MMOJA, samaki sita, umefungwa na rababendi na upepo umelegea, oksijeni nadhani ilikuwa ya mdomo wake. Maji yamebaki vidole viwili. Mwiba wa mmoja umetoboa plastiki umetokea nje, na yeye mwenyewe ananing'inia hapo hapo amekufa macho meupe, ilibidi nikate mfuko na mkasi kumtoa. Wengine wawili wamekufa chini. Harufu ya amonia mpaka konda akarudi nyuma. Na ukishafungua mfuko wa namna ile huna muda wa kudondoshea maji ya tenki taratibu ili samaki wayazoee, ile hewa chafu waliyopumua ikitoka pH inapanda na amonia inageuka sumu kali, kwa hiyo watatu waliobaki nikawatia kwenye ndoo ya maji ya tenki niliyoenda nayo, nikapanda bodaboda nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Nikamtumia video. Jibu lake: "maji ya Mtwara yana chumvi mkuu". Maji gani ya Mtwara? Wamekufa kabla hawajayagusa!

Haya, hilo ningelimeza. Sasa njooni kwenye hawa watatu.

Siku ya kwanza tu niliona ule ukingo mweupe haupo. Nikamuuliza, akasema bado watoto, weupe utakuja wakikua. Uongo, petricola hata akiwa mdogo wa sentimita tatu anao. Nikajipa moyo labda ni lucipinnis, maana sokoni hao wawili wanachanganywa kila siku, na hata wataalamu lucipinnis wamempa jina lake mwaka 2006 tu. Lucipinnis ningempokea kwa mikono miwili, naye mdogo, mzuri, wa ziwa lile lile. Lakini hawa kila wiki wanazidi kuwa wa kahawia, mabaka mabaka, na wanakua kama wanalipwa. Huu mwezi wa tatu niko nao, wameshafika urefu wa kiganja changu.

Na multi wakaanza kupungua. Kwanza vitoto, nikasema labda wanakulana wenyewe. Usiku mmoja nimeamka saa nane na tochi, nikamkuta mmoja kachomeka kichwa ndani ya ganda, ndevu zote ndani, mkia unatikisika kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Nimewahesabu jana, kwenye ishirini na kitu wamebaki wanne.

Aliyenimalizia kazi ni mzee mmoja wa Utete, mkwe wa jirani yangu, kaja kuleta feni yake. Kasimama mbele ya tenki kama dakika nzima, akacheka. "Mwanangu, hawa gogogo si ndo wanatuchoma mikono kwenye nyavu kule Rufiji? Sisi tunawatia nazi." Nikamtoa mmoja na kichujio aone vizuri, akaanza kulia kwi kwi kwi, ile wanavyosugua mwiba wa ubavuni. Mzee akasema eeh, huyo huyo.

Sasa kama mzee yuko sahihi, na mimi namwamini kuliko yule wa Dar, piga picha mwenyewe. Samaki katolewa Rufiji, kapelekwa Dar kubatizwa ukazi wa Kigoma, kapandishwa basi, kapita tena juu ya daraja la Mkapa, kwao kunaonekana dirishani, kaja kuuzwa Mtwara 35,000. Mama watoto kila akipita sebuleni ananiuliza hao wa nazi wanaiva lini.

Nilipompigia muuzaji kumwambia haya aliniambia kitu kimoja ndo kikaniuma kuliko hela, "huko kusini na nyie mnajua samaki wa mapambo?" alafu kanibloki. Maana yake alijua toka mwanzo. Mtu wa Sinza au Mbagala akiuziwa hivi kesho asubuhi yupo mlangoni kwako, sisi wa huku unatutumia makapi kwa sababu nauli ya kuja kukukaba ni kubwa kuliko samaki.

Na kabla hamjaniambia "watupe mtoni", sitoi samaki nisiyemjua kutoka tenki langu kwenda kwenye mto wowote wa huku, hilo sifanyi.

Mwenye petricola au lucipinnis wa uhakika anicheki, picha ya pezi la mgongo kwa karibu na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo pembeni, la sivyo tusisumbuane.

Na wewe unayesoma kimya kimya, nataka 210,000 yangu. Gogogo wako nitakurudishia wazima wote watatu, kila mmoja na ndoo yake ya lita kumi yenye kifuniko. Ndoo zipo, nimeshaziosha.