Mrejesho: yule niliyeteleza kwenye mafuta dukani

Assalaam alaykum. Ni mimi niliyeuliza nifanyeje baada ya kuteleza kwenye mafuta ya kupikia yaliyomwagika dukani, hapa mjini Unguja, nikavunjika mkono.

Nilianza kwa msaidizi wa sheria wa shehia yetu. Hakunitoza hata shilingi; kumbe Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ipo tangu 2018! Swali lake la kwanza: "Viatu vya siku ile viko wapi, dada?" Vilikuwa uvunguni, soli bado zinanata. Akanambia nisivioshe wallahi. Akakusanya PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), stakabadhi za hospitali, na ile risiti ya sukari yenye saa niliyolipa.

Barua ya madai ikapelekwa. Mwenye duka, aliyekuwa akisema nimejikwaa mwenyewe, akataka tukae kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Amelipa matibabu na siku nilizokosa kuuza urojo. Fidia ya maumivu kagoma. Hiyo nimemwachia, mahakamani siwezi kwenda na kurudi.

Hogo (plasta ya mkono) limetolewa juzi. Mkono unakunja nusu. Nazi bado nakuniwa na mwanangu, tena kwa manung'uniko.