Kifaa kimoja cha kupima usikivu wa watoto wachanga: wodi ya wazazi au kliniki ya chanjo?

Muuguzi_Wilayani
Ndugu wanajukwaa, hospitali yetu ya wilaya hapa Tanzania imeahidiwa kifaa kimoja cha mkononi cha kupima usikivu, kile kinachopeleka sauti ndogo sikioni na kunasa mwangwi unaorudishwa na koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Mganga mfawidhi anataka kikae wodi ya wazazi, ambako mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya saa 24, pengine kabla. Mimi nahofia kwamba watoto wanaozaliwa nyumbani tutawakosa kabisa. Wenye uzoefu mnashauri tuanzie wapi, na mtoto asiyepita kipimo apelekwe wapi?

Fundi_Masikio
Dada, hofu yako ina msingi. Siku ya kwanza sikio la mtoto huwa bado na majimaji na utando wa kuzaliwa, kwa hiyo watoto wengi wanaosikia vizuri hukataliwa na kifaa, na mama anaondoka na wasiwasi usio na sababu. Huko Lagos, Nigeria, Daktari Bolajoko Olusanya na wenzake walipima watoto katika kliniki za chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) wakiwatumia wahudumu wa afya wa kawaida, kwa kuwa akina mama wengi wa jiji lile hawajifungulii hospitali. Kazi ya kupima iliwezekana. Ugumu ulikuwa kuwarudisha wazazi kwa kipimo cha pili. Mimi ningekiweka kliniki, kwenye chumba chenye utulivu mbali na foleni, mtoto akiwa ameshanyonya na kusinzia. Lengo linalofuatwa kimataifa ni kupima kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya miezi 3 na kuanza msaada kabla ya miezi 6. Anayeletwa kwa chanjo ya wiki 6 amechelewa hatua ya kwanza tu. Hizo mbili bado zinawezekana.

Tabibu_wa_Watoto
Nakubaliana nawe, isipokuwa kwa watoto waliolazwa wodi ya watoto wachanga: njiti, waliochelewa kulia, waliopata manjano makali, na waliotumia dawa ya jentamaisini kwa muda mrefu. Manjano makali huweza kuharibu mshipa wa usikivu na kuiacha koklea ikirudisha mwangwi kama kawaida, hivyo kifaa hicho kitampitisha mtoto asiyesikia. Hao wanahitaji kipimo kinachosoma mwitikio wa mshipa na shina la ubongo kwa vibandiko vya kichwani. Msipokuwa nacho, waandikieni rufaa hata kama wamepita. Tena kupita leo hakumkingi mtoto na homa ya uti wa mgongo ya mwakani. Andikeni kwenye kadi ya kliniki kwamba mama arudi akiona mtoto hashtuki kwa kelele au habwabwaji.

Mama_wa_Wawili
Shikamooni wataalamu. Mwanangu aligundulika akiwa na miaka mitatu, kwa sababu kila nilipouliza niliambiwa ni mzito wa kusema kama babake. Naomba jambo moja: mtoto akikataliwa na kifaa, msimwambie mama koridoni kwamba amezaa kiziwi. Mwambieni kipimo kinarudiwa, mpeni tarehe ileile ya chanjo inayofuata ili asilipe nauli mara mbili, na chukueni namba ya simu ya baba au bibi, maana wao ndio huamua safari.

Fundi_Masikio
Marahaba, mama. Hilo la tarehe ndilo lililowashinda wengi. Kuhusu rufaa, Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya koklea tangu 2017, lakini ni watoto wachache wanaofika huko. Kabla ya kifaa kuanza kazi, tafuteni hospitali ya rufaa iliyo karibu yenye mtu wa kuthibitisha na kutoa shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia), na shule inayofundisha lugha ya alama, mkabandike namba zao ukutani kwenye chumba cha kupimia. Msipozipata, mwombeni mfadhili asubiri.