Naomba ushauri: mteja kasema gauni "fit" ndiyo, "suit" hapana

MamaCherehani
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi nguo, nashonea Tandika, Dar es Salaam. Nina mteja, dada wa Kitanzania aliyekulia Uingereza, Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Kaniagiza magauni matatu ya kitenge, vipimo katuma kwa simu. La kwanza limemfikia, leo kaniandikia: "It fits, but it doesn't suit me." Mimi "fit" naijua kama fiti, yaani safi kabisa. Sasa fiti halafu tena lakini? Mawili yaliyobaki nimeshayachora, kitambaa ni kilekile. Nimeshindwa hata kukaa kwenye mashine. Nimekosea wapi?

Mwambao77
Dada, hujakosea mshono. Nguo iki-"fit" maana yake vipimo vimekubali: kiuno hakibani, mabega hayapwayi, urefu ni wake. "Suit" ni kumpendeza mvaaji. Gauni laweza kumtosha barabara na lisimpendeze, pengine rangi inamfifisha au mtindo si wake. Ukisikia "match", hapo ni vitu viwili kuendana, mfano kilemba na gauni. Muulize: ni rangi, au ni mtindo? Usikate kitambaa kabla hajajibu.

NesiMstaafu
Nami niongeze, maana neno hili lilishanitia mashakani. Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nilikuta faili limeandikwa "had two fits last night". Nikawaambia ndugu mgonjwa wao yuko fiti. Kumbe usiku alipata degedege mara mbili! Mpaka leo najuta. Daktari akiandika "fit to travel", hapo ndipo afya inamruhusu mtu kusafiri. Neno moja, habari mbili zilizo mbali kabisa.

Mwambao77
Kweli kabisa, bibi. Na mama, mteja wako yuko Uingereza, basi usimwandikie "you are fit" ukidhani unamtakia afya. Vijana wa kule wakimwambia mtu hivyo, wanamsifia mvuto wa sura na umbo.

TichaBaiolojia
Wanafunzi wangu nao linawapoteza. Wakiona "survival of the fittest" wanaandika mwenye misuli ndiye anayebaki. Maneno hayo ni ya mwanafalsafa Mwingereza Herbert Spencer, 1864, na Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, akayaingiza kwenye toleo la tano la kitabu chake "On the Origin of Species", 1869. "Fittest" pale ni kiumbe kinachoendana zaidi na mazingira yake, kikaishi na kuacha uzao. Moshi wa viwanda ulipotia masizi miti ya Uingereza, nondo (wadudu wanaofanana na vipepeo) weusi walijificha vizuri, weupe wakaonekana na kuliwa na ndege. Weusi hawakuwa na nguvu zaidi. Walifaa pale walipokuwa. Ni lugha ya fundi hiyohiyo, mama: nguo na mwili wake.

MamaCherehani
Mungu awabariki. Nimemuuliza, kajibu saa hii. Ni rangi, ile manjano haimpendezi. Mshono kasema tangu azaliwe hajapata fundi aliyempatia mabega namna hii. Kitambaa kilichobaki nakiweka kando, kesho asubuhi naenda Kariakoo kumtafutia kitenge cha buluu, nimpigie picha achague mwenyewe kabla sijashika mkasi.