Crohn na mafuta ya kula: nitumie yapi baada ya kukatwa utumbo?

NusuUtumbo
Wakuu, habari za humu. Nina Crohn, ule ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo, pale mwisho wa utumbo mwembamba, na mwaka jana nilikatwa kipande kilichokuwa kimebana. Jeraha limepona na yale maumivu ya zamani sina. Kinachonisumbua sasa ni mafuta. Nikila chenye mafuta kidogo tu choo kinakuja mbio, na kuna siku kinatoka cheupe-cheupe, kinaelea, kinanuka kupita kawaida. Uzito unashuka taratibu.

Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja kasema nihamie mafuta ya nazi kwa kuwa "hayahitaji nyongo". Mwingine kasema mzeituni tu, mengine yote sumu. Shemeji yangu anataka niache mafuta kabisa. Juzi nimeletewa vidonge vya mafuta ya samaki, eti vinazima uvimbe wa utumbo. Mwenye uzoefu au taaluma anisaidie: yapi, na kiasi gani?

MamaWawili
Pole sana ndugu. Mimi ni kolaitisi ya vidonda, utumbo mpana tu, kwa hiyo usininakili moja kwa moja. Napikia alizeti, namwagia mzeituni kwenye mboga zikishaiva. Kwa mwili wangu aina ya mafuta haijawahi kuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kitu kilichozama kwenye mafuta yanayochemka, hasa mafuta yaliyokwisha kutumika mara kadhaa. Hapo sipati hata saa mbili za amani. Ugonjwa ukilala nakula karibu kila kitu, ukiamka nachemsha na kuoka.

ChumaChaPua
Nazi mkuu, usizungushwe. Mafuta ya nazi ni ya mnyororo wa kati, yanaingia mwilini bila kusumbua utumbo. Mimi kijiko kikubwa kila asubuhi kabla ya kula chochote. Wenye maduka hawatakwambia hili.

MlishajiWodini
Habari NusuUtumbo. Mimi ni mtaalamu wa lishe, nakaa na wagonjwa wa aina yako. Kabla ya kuchagua chupa, elewa kilichoondolewa.

Nyongo kazi yake ni kama ya sabuni: inayavunja mafuta ya kawaida yawe matone madogo ili vimeng'enya viyafikie. Ikishamaliza kazi, sehemu kubwa ya chumvi zake inafyonzwa tena pale pale mwisho wa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Ndipo ulipokatwa. Sasa kuna njia mbili. Kipande kikiwa kifupi, ini linaweza kufidia nyongo inayopotea, lakini ile iliyoponyoka inaingia utumbo mpana na kuuchokoza, unaharisha maji. Kikiwa kirefu, kama mita moja na zaidi, ini linazidiwa, nyongo haitoshi, mafuta yanapita bila kumeng'enywa. Hapo ndipo choo kinakuwa cheupe na kuelea. Watu wawili wenye Crohn, wote wanasema "mafuta yananiharisha", na tiba zao zinapishana.

Kuhusu nazi, ndugu yangu ChumaChaPua kachanganya vitu viwili. Ni kweli yapo mafuta ya mnyororo wa kati yanayofyonzwa bila kutegemea nyongo na kwenda moja kwa moja kwenye ini. Hayo hutengenezwa kwa kuchujwa, na yana asidi za mafuta fupi, zenye kaboni 8 na 10. Mafuta ya nazi ya kawaida yana kidogo tu ya hizo, chini ya asilimia 20. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12, ambayo mwilini hufuata zaidi njia ya mafuta ya mnyororo mrefu, yale yanayohitaji nyongo. Isitoshe, zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda. Kwa hiyo sababu uliyopewa haisimami.

Tuambie: ulikatwa urefu gani, mfuko wako wa nyongo bado upo, na unatumia dawa ya unga ya kukamata nyongo?

ChumaChaPua
Sawa, lakini mimi yananisaidia.

MlishajiWodini
Sikupingi kwa mwili wako. Napinga kumwandikia mwenzako dawa kwa sababu isiyo ya kweli.

MsomaTakwimu
Kwa upande wa samaki: majaribio mawili makubwa, EPIC-1 na EPIC-2, yaliyochapishwa 2008, yaliwapa wagonjwa wa Crohn waliotulia gramu 4 za omega-3, yaani mafuta yale ya samaki, kwa siku. Hayakuonyesha kwamba ugonjwa ulizuiwa kurudi. Vidonge hivyo pia vinaweza kulainisha choo, kitu ambacho wewe huhitaji kuongezewa. Samaki mwenyewe kwenye sahani ni habari nyingine. Mwongozo wa lishe wa 2020 wa IOIBD, shirika la kimataifa la utafiti wa magonjwa ya uvimbe wa utumbo, unawashauri wenye kolaitisi waongeze omega-3 itokanayo na chakula, siyo vidonge. MamaWawili, hiyo inakuhusu wewe zaidi.

Mzeituni nao una sifa nzuri, ila usiufanye mganga. Jaribio la DINE-CD la 2021 lililinganisha mlo wa kanda ya Mediterania, ambao mzeituni ni sehemu yake, na mlo mwingine maarufu unaobana wanga. Baada ya wiki 6 zaidi ya asilimia 40 kila upande walikuwa wamepata nafuu ya dalili, na hakuna mlo uliomshinda mwenzake. Huwezi kuchomoa mafuta peke yake katika mlo mzima ukasema ndiyo yaliyoponya.

MamaWawili
Asante MsomaTakwimu. Na siagi na samli je? Nasikia ndiyo adui namba moja.

MsomaTakwimu
Panya wenye vinasaba vinavyowaelekeza kwenye kolaitisi, walipolishwa mafuta ya maziwa katika utafiti wa 2012, nyongo yao ilibadilika, bakteria aina ya Bilophila wakazidi na ugonjwa ukapanda. Ni panya, hatuwezi kuhamisha kila kitu. Lakini IOIBD nao wanashauri wenye kolaitisi wapunguze asidi ya miristiki, aina moja ya mafuta yanayoganda, iliyomo kwenye mafuta ya maziwa, ya nazi na ya mawese. Wamesema wapunguze. Kijiko cha siagi siku moja moja hakina kesi.

Mimi ningeangalia zaidi majarini na mayonezi zenye orodha ndefu ya viungo. Polisobati 80 na selulosi ya kaboksimethili, zinazowekwa ili maji na mafuta visitengane, ziliharibu ute unaolinda utumbo wa panya (2015). Na mafuta ya transi hayana rafiki popote, hata kwa mtu mzima wa afya.

NusuUtumbo
Asanteni sana. Barua ya upasuaji inasema sentimita 40 hivi. Mfuko wa nyongo upo. Unga wa kukamata nyongo sijawahi kupewa. Vitamini B12 nadungwa.

MlishajiWodini
Sentimita 40 ni kipande kifupi, kwa hiyo ningetegemea kuhara kwa nyongo kuliko mafuta kukosa kumeng'enywa. Lakini choo kinachoelea na uzito kushuka vinanipa shaka. Inaweza kuwa ugonjwa umerudi pale palipoungwa, inaweza kuwa bakteria wamejaa utumbo mwembamba, inaweza kuwa kongosho. Usilitatue hili kwa kubadili mafuta ya kupikia.

Usimsikilize shemeji. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, na mtu anayepungua akiyafuta yote anaongeza kasi ya kupungua. Gawanya: kijiko kidogo kimoja katika kila mlo badala ya vingi kwenye mlo mmoja, na milo iwe midogo mara tano au sita. Mzeituni, alizeti au kanola, yoyote unayoipata ikiwa safi. Usikaange kwa kuzamisha. Karanga nzima ziache hadi ujue kama utumbo umebana tena. Siagi ya karanga iliyo laini jaribu kidogo kidogo.

Mafuta ya mnyororo wa kati ukija kuyahitaji, utaanza na kijiko kidogo kilichogawanywa kwenye milo, kwa sababu yakizidi yenyewe yanaharisha. Hayafai kukaangia, na hayana zile asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo alizeti kidogo itabaki.

NusuUtumbo
Nina kliniki karibuni. Nimwambie daktari nini hasa?

MlishajiWodini
Mweleze choo kama ulivyotueleza sisi, bila haya, na uzito wa sasa ukilinganisha na wa kabla ya upasuaji. Omba kalprotektini ya kinyesi (kipimo cha uvimbe wa utumbo), kipimo cha mafuta kwenye kinyesi, na vitamini A, D, E na K. Muulize kuhusu kolestiramini, ule unga wa kukamata nyongo, ila usiinunue mwenyewe: ikiwa tatizo ni nyongo kupungua, inaweza kuzidisha choo cha mafuta. Akikupa, dawa nyingine zimeze saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baadaye.

Jingine ambalo watu husahau: mafuta yasiyofyonzwa yanaikamata kalsiamu, kwa hiyo oksalati ya kwenye chakula, ambayo kwa kawaida hushikwa na kalsiamu hiyo, inabaki huru, inaingia kwenye damu na kuleta mawe ya figo. Kunywa maji ya kutosha. Ukiona mkojo wenye damu au maumivu ya ubavuni, usisubiri kliniki.

ChumaChaPua
Mtaalamu, na kijiko changu cha asubuhi je?

MlishajiWodini
Una Crohn au kolaitisi?

ChumaChaPua
Kwa kweli sijawahi kupimwa. Tumbo hujaa gesi tu.