Tochi ilipiga basi, faini nimeandikiwa mimi. Picha ya WhatsApp siyo kipimo!

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Nianze na hili kabla hajaja mtu kuniambia "punguza mwendo". Sipingi tochi, hizi za askari za kupimia mwendo. Mimi ni dereva wa Canter ya mzigo, barabara ndiyo maisha yangu, na nimeshasaidia kutoa watu kwenye basi lililopinduka kwa sababu dereva alikuwa anafukuzana na mwenzake. Mwendo unaua. Tochi ziwepo, tena usiku na mchana. Ninachokataa ni kupimwa na chombo nisichoruhusiwa kukiona, halafu nionyeshwe picha kwenye simu ya askari na niambiwe huo ndio ushahidi.

Juzi nilikuwa napandisha kuingia kijiji kimoja chenye kibao cha 50 (mkoa siutaji, askari simtaji). Gari limejaa vitunguu, niko gia ya tatu, linapanda kwa shida. Basi likanipita palepale ndani ya kibao, honi haikatiki. Mbele huko, nje kabisa ya kijiji, nikasimamishwa. Basi halipo, limeshaenda zake. Afande akatoa simu mfukoni: "74, hapa ni 50. Leseni."

Nikaomba niitazame vizuri ile picha. Ilikuwa imerushwa na mwenzake aliyebaki kijijini, imefifia mpaka namba yangu inasomeka nusu. Katikati ya barabara kuna basi, Canter yangu iko pembeni yake. Juu kumeandikwa 74, na umbali, mita 386. Na ule msalaba mdogo unaoonyesha tochi ilipolenga umekaa kwenye kona ya kioo cha mbele. Cha basi! Siyo changu.

"Afande, msalaba uko kwenye basi."

"Hili gari siyo lako?"

"Ni langu."

"Sasa unabisha nini?"

Nikaomba kuiona tochi yenyewe. Akasema iko nyuma kwa mwenzake, na kama nataka kesi niegeshe gari pembeni nisubiri. Jua la saa saba, utingo wangu ananiangalia, mwenye mzigo ameshapiga simu mara mbili. Nikaandikiwa 30,000, nikapewa namba ya malipo, nikaondoka.

Sasa nieleze kwa nini ule msalaba ni suala zito, maana madereva wengi tunalipa bila kujua tumepimwaje.

Kuna vyombo vya aina mbili, na sisi vyote tunaviita tochi. Cha kwanza ni rada yenyewe. Inarusha mawimbi ya redio, yakigonga gari linalokuja yanarudi yamebanana zaidi kuliko yalivyotoka, kama king'ora cha ambulensi kinavyosikika chembamba inapokukaribia. Rada inapima tofauti hiyo. Nyingi zinatumia masafa ya gigahezi 24.15, na hapo kila kilomita 1 kwa saa inaongeza karibu hezi 45, yaani mawimbi 45 zaidi kila sekunde. Hesabu hiyo haina ubishi, chombo kikiwa kizima kinasema kweli. Ila kinasema kweli kuhusu gari gani? Mawimbi ya rada yanatawanyika. Yakitoka na upana wa nyuzi 12, ukifika mita 300 yameshafunika zaidi ya mita 60, yaani barabara nzima, pembezoni zake na kila kilichopo. Rada inatoa namba, haitaji gari. Kwa kawaida inashika lile linalorudisha mawimbi kwa nguvu zaidi, na basi kubwa linarudisha kuliko Canter. Kuchagua gari ni kazi ya jicho la askari.

Cha pili ni tochi ya leza, ndiyo hii ya kupiga picha yenye msalaba. Hii inarusha vipigo vya mwanga usioonekana, mamia kwa sekunde, inapima muda wa mwanga kwenda na kurudi, hivyo inajua uko umbali gani na umesogea kiasi gani. Mwanga wake ni mwembamba: kwa karibu mita 400 unakuwa na upana wa mita 1 na kidogo. Kwa hiyo inaweza kabisa kutofautisha Canter na basi, na ndiyo maana wakaiwekea msalaba! Msalaba ndio unaosema ni nani aliyepimwa. Ukiupuuza, umebaki na picha ya magari mawili na namba moja, unachagua wa kumlipisha.

Tena leza inataka mkono uliotulia. Mkono ukiteleza kutoka kwenye bampa ukafuata ubavu wa gari, umbali unabadilika hata kama gari halijaongeza mwendo, na chombo kinaweza kuuhesabu huo utelezi kama spidi. Na siyo leza tu: mwaka 1979 kule Florida, Marekani, rada za polisi zilijaribiwa hadharani, moja ikasoma mti wa mnazi unakwenda maili 86 kwa saa na nyumba maili 28. Jaji wa huko alikataa kupokea vipimo vya rada kwenye mashauri yaliyokuwa mbele yake. Vyombo vya leo ni bora mno kuliko vile, ila anayevishika bado ni mtu.

Nitende haki pia. Wanaolalamika kwamba askari akijificha kichakani pembeni tochi inazidisha, hapana. Akipima akiwa amesimama pembeni, pembe inapunguza. Kwa nyuzi 20, gari la 100 linasomeka 94. Kichaka hakikuonei kwenye namba. Kichaka kinakuonea kwa sababu hujui nani kakupima, saa ngapi, na alikuwa ameelekeza wapi.

Na uzima wa chombo je? Rada inajaribiwa kwa kijiuma cha chuma kinachotetemeka: unakigonga, unakiweka mbele yake, nayo lazima isome spidi iliyoandikwa kwenye kijiuma chenyewe. Leza inajaribiwa kwa umbali uliopimwa kwa futi kamba. Ni mambo ya dakika chache kabla ya zamu. Pampu ya mafuta ina stika ya Wakala wa Vipimo, mizani ya bucha ina stika, naiona kwa macho kabla sijatoa hela. Tochi iliyonipiga mimi ilikaguliwa lini, na nani? Nimeuliza, nimejibiwa "unajifanya mjuaji".

Vibao ndiyo usiseme. Unaingia 50 kwa kibao kikubwa kinachong'aa, unatoka kijijini nyumba zimeisha, mashamba yameanza, kibao cha kumaliza 50 hakipo. Kimeng'olewa, au kimefunikwa na majani. Wewe unadhani umerudi kwenye 80, tochi inakusubiri hapohapo. Uingereza mwongozo wa wakuu wa polisi unaachia asilimia 10 na maili 2 juu ya kikomo kabla ya kumwandikia mtu. Huku nimemwona mwenzangu anaandikiwa kwa 53.

Ninachodai siyo kikubwa. Anayenisimamisha awe na chombo mkononi, au picha itoke kwenye chombo ikiwa kamili: namba ya gari isomeke yote, umbali, saa, na msalaba juu ya gari langu. Ikikosekana kimojawapo niachiwe niende. Picha iliyopita kwenye simu binafsi isihesabiwe kabisa, kwa sababu simu inakata, inafifisha, na hakuna anayejua nini kimebaki nje ya fremu.

Sheria inanipa haki ya kukataa kosa na kwenda mahakamani. Nataka kuitumia. Aliyewahi kufanya hivyo kwa kosa la tochi aje aeleze hapa: gari lilishikiliwa au uliendelea na safari? Na hakimu aliagiza tochi iletwe, au alitazama picha tu?