Watoto tunaowasomesha nyumbani: likizo ya Unguja

Kutoka Leicester:
Assalaam alaykum jamaa. Inshaallah Julai tunakuja, tutakaa Jambiani kwa bibi yao mpaka mwisho wa Agosti. Wangu hawendi skuli, nawasomesha mwenyewe. Sheria ya Uingereza inaruhusu, wala hulazimiki kufuata mtaala wa serikali. Kinachonipa tabu ni somo la viumbe na mimea, maana uwani kwetu hapa ni nyasi na konokono tu. Nataka washike, wanuse, wachore. Mtembeza watalii mmoja kaniletea bei, nikafunga simu.

Kutoka Jambiani:
Waalaykum salaam dada. Mwache na bei yake. Watoto waende pwani na bibi yao, au wafuatane na wanawake wa mwani. Ila usipange kwa siku za wiki, panga kwa mwezi. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, yaani karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwenye kalenda yetu ya Kiislamu. Siku hizo maji hutoka mpaka mbali kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Hilo usiwaambie! Wape saa na daftari waandike maji yamekupwa saa ngapi, pembeni wachore mwezi waliouona usiku. Watalivumbua wenyewe.

Kwenye vidimbwi wataona jongoo bahari, kiti cha pweza, kaa wa kila namna. Jiwe wakiligeuza walirudishe lilivyokuwa, waliomo chini yake wasife kwa jua. Na konokono wa baharini mwenye umbo la pia asiguswe hata akiwa mzuri vipi, sumu yake huua mtu. Viatu vya soli nene ni lazima.

Kutoka Toronto:
Naongeza la mikoko. Kule Pete, karibu na msitu wa Jozani, kuna njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko. Mchume jani la mchu, mmoja wa miti ya mikoko, mtoto alambe upande wa chini: chumvi. Mti unaitoa hiyo. Mkoko nao mbegu zake huchipua zingali mtini. Kima punju wa Jozani wana jambo la kuchekesha, hula makaa. Majani ya mwembe na mkungu wanayoyapenda yana sumu, na makaa huifyonza. Waulizeni watoto kwanza wanadhani kwa nini.

Matumbawe msitie mkobani. Yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na bila kibali forodhani huchukuliwa. Yachorwe yakae huko huko.

Kutoka Wete:
Nyinyi Unguja tu! Leteni watoto Pemba, msimu wa karafuu ukiwa umeanza. Karafuu ni ua lisilofumbua bado, mtoto alipasue kwa ukucha aone vilivyomo. Kisha wapime gao moja mbichi kwenye mizani, waianike jamvini, wapime tena ikikauka. Popo wa Pemba wako Kidike, mchana wananing'inia mitini. Hawapatikani kwengine duniani.

Kutoka Leicester:
Ahsanteni sana. Kalenda ya Kiislamu nimeshaibandika jikoni. Wa Wete, boti ya kuja huko tukate mapema au siku ile ile?

Kutoka Wete:
Mapema. Na mje na vidonge vya kichefuchefu, kusi likivuma mkondo haucheki na mtu.